Onesimo Hakurudishwa Jikoni: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Dini wa Kilimanjaro

Kwa Waheshimiwa Maaskofu, Masheikh, Mapadre, Wachungaji na Maimamu mlioko Moshi na mkoani Kilimanjaro kwa ujumla.

YAH: HOJA ZA DINI ZILIZOKOMESHA UTUMWA, NA WATOTO WANAOTUMIKISHWA MAJUMBANI MWA WAUMINI WENU

Baba zangu na masheikh wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Assalaam aleikum.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Majengo, Moshi. Nilifundisha historia katika shule za sekondari kwa miaka 31, na hadi leo nafundisha watoto shule ya Jumapili. Nisingeileta barua hii hadharani kama ningesikilizwa faraghani. Nimeandika mara mbili kwa ofisi moja ya dini hapa mjini, nikaenda mwenyewe mara tatu, na jibu pekee nililopewa, tena kwa mdomo nikiwa nimesimama mlangoni, ni kwamba mambo ya nyumba za watu waachiwe wenye nyumba. Nawaheshimu walionijibu hivyo, na sina ugomvi na yeyote kati yao. Jibu lenyewe ndilo nisiloweza kulipokea, kwa sababu naamini dini zetu zenyewe zimelikataa.

Mwaka juzi, wakati wa masika, binti wa miaka 13 aligonga mlango wangu saa sita usiku akiwa amelowa chapachapa. Nilimfahamu. Alikuwa akifanya kazi nyumba ya tatu kutoka kwangu, na kila Jumapili nilimwona kanisani akiwa amembeba mgongoni mtoto wa nyumba ile. Aliletwa Moshi akiwa na miaka 11 na mama mmoja ambaye shughuli yake ni kuwatafutia watu wadada wa kazi kutoka mikoa mingine. Makubaliano yalikuwa shilingi 40,000 kwa mwezi, na binti aliambiwa kwamba fedha hizo zinatumwa kwa mama yake. Nilipompigia mama huyo simu usiku uleule, alisema kwamba tangu mwanawe aondoke hajapokea hata senti. Binti alikuwa akilala sakafuni jikoni, akiamka saa kumi alfajiri, haruhusiwi kushika simu, na mkononi alikuwa na kovu la pasi ambalo hakutaka kunieleza alilipataje.

Asubuhi mwenye nyumba alikuja kumdai. Ni mzee wa kanisa, mtu anayesikilizwa mtaani. Niliomba msaada kwa ofisi niliyoitaja, wakaletwa watu wa kutusuluhisha, na mmoja wao akafungua Biblia akasema kwamba hata Mtume Paulo alimrudisha Onesimo, mtumwa aliyetoroka, kwa bwana wake Filemoni, kwa hiyo binti arudi na mwenye nyumba amsamehe kosa la kutoroka. Nami, lazima niseme ukweli mbele yenu, nilinyamaza, nikamfungulia mlango akatoka. Wiki tatu baadaye hakuwepo tena. Tuliambiwa amepelekwa kwa ndugu zao Arusha. Nilipofika ustawi wa jamii nilikuwa nimeshachelewa, kwani mtoto hakuonekana, na kila aliyeulizwa alisema kwamba aliondoka kwa hiari yake.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma upya mambo ambayo darasani niliyapitia juujuu: jinsi waumini walivyobishana kuhusu utumwa kwa karne nyingi, nani alinukuu aya gani, na hoja ipi hatimaye ilishinda. Nimegundua kwamba maneno yaliyosemwa sebuleni kwangu asubuhi ile yalikuwa maneno ya upande ulioshindwa. Malalamiko yangu kwenu ni haya.

1. Kuhusu Onesimo

Mwaka 1850 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowalazimisha raia wote, hata wale wa majimbo yasiyo na watumwa, kusaidia kuwakamata watumwa waliotoroka na kuwarudisha kwa mabwana zao. Wahubiri waliounga mkono sheria hiyo walikuwa na kitabu kimoja walichokipenda kuliko vyote, nacho ni waraka mfupi wa Paulo kwa Filemoni. Walisema kwamba ikiwa mtume alimrudisha mtoro, Mkristo wa kawaida ni nani hata amfiche? Miaka zaidi ya 170 baadaye, nimeisikia hoja hiyohiyo Moshi, chini ya picha ya Yesu niliyoitundika mwenyewe ukutani.

Naomba tuusome waraka ule pamoja, maana una aya 25 tu. Paulo anamwambia Filemoni ampokee Onesimo asiwe tena kama mtumwa, awe zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa, tena ndugu katika mwili na katika Bwana. Anamwambia ampokee kama ambavyo angempokea Paulo mwenyewe. Kisha anasema kwamba kama kuna deni lolote, liandikwe juu yake, naye atalilipa. Hakuna mahali anapoomba mtoro asamehewe ili arudi kwenye kazi zake za zamani. Kama msuluhishi wangu angetaka kuufuata waraka huo, angemwambia mzee wa kanisa amkaribishe binti yule sebuleni, amketishe kwenye kiti ambacho angemketishia mchungaji, na hesabu ya mishahara iwekwe mezani.

Tena kabla ya Paulo ipo Torati. Kumbukumbu la Torati 23, aya ya 15 na ya 16, inaagiza kwamba mtumwa aliyekimbia kwa bwana wake akaja kwako usimrudishe, bali akae pamoja nawe mahali atakapopachagua, wala usimwonee. Waliopigania kukomeshwa kwa utumwa waliishika amri hii kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nayo kwenye kabati la vitabu, hatua nne kutoka nilipokuwa nimesimama.

Wenye watumwa wenyewe walijua Maandiko yanasema nini. Mwaka 1807 ilichapishwa London Biblia maalumu kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Uingereza. Waliondoa humo habari za Waisraeli kutoka Misri. Waliondoa maneno ya Wagalatia 3:28, kwamba hakuna mtumwa wala huru, maana wote ni mmoja katika Kristo. Waefeso 6:5, inayowaagiza watumwa kuwatii mabwana zao, waliiacha. Nawauliza kwa heshima, baba zangu: ni mara ngapi hizo aya zilizoondolewa zimehubiriwa hapa kwa kutaja waziwazi msichana aliyebaki nyumbani anapika wakati sisi tuko ibadani?

2. Kuhusu wanaoleta na wanaopokea

Mojawapo ya hoja za zamani sana dhidi ya utumwa, na kwa maoni yangu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ni kwamba utumwa ni wizi. Kutoka 21:16 inamhukumu kifo anayemwiba mtu na kumuuza, na vilevile yule ambaye aliyeibwa anapatikana mkononi mwake. Waraka wa kwanza kwa Timotheo unawataja waibao watu katika orodha moja na wauaji. Mwaka 1688 watu wanne wa mji wa Germantown, Pennsylvania, waliwaandikia wenzao wa jumuiya ya Wakwekeri, dhehebu la Kikristo, pingamizi ambalo linahesabiwa kuwa miongoni mwa ya kwanza kabisa kutolewa na Wakristo wa makoloni ya Uingereza huko Amerika. Waliegemea amri ya kuwatendea wengine vile tunavyotaka kutendewa, bila kujali kabila wala rangi, kisha wakauliza: wanaoiba watu na wanaowanunua, je, si wote mamoja?

Kwa upande wa Uislamu, masheikh wangu mnaifahamu kuliko mimi hadithi aliyoipokea Bukhari, ambayo ndani yake Mwenyezi Mungu anasema kwamba siku ya Kiyama atakuwa mgomvi wa watu watatu: aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akaivunja, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mfanyakazi, akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Mwalimu mwenzangu wa zamani, Mwislamu, ndiye aliyenisomea. Nilikaa kimya muda mrefu. Anayemuuza mtu huru na anayemnyima mfanyakazi ujira wamesimamishwa safu moja, mbele ya mdai mmoja.

Sasa tumtazame yule mama anayeleta mabinti. Anakwenda kijijini, anazungumza na mzazi mwenye shida, anaacha fedha kidogo, anapanda basi na mtoto, na akishuka stendi ya Moshi anapokea fedha nyingine kutoka kwa mwenye nyumba. Mtoto hajui alipolala, hajui barabara ya kurudi, na hana simu. Sisemi kwamba kila dada wa kazi ni mtumwa, na ningemkosea mwajiri mwema kama ningesema hivyo, kwani zipo nyumba nyingi ambako dada analipwa mkononi, anasoma ushonaji jioni na anaondoka siku anayotaka. Nasema kwamba palipo na mtoto aliyeletwa kwa fedha, asiyelipwa, asiyeweza kuondoka, na anayerudishwa akiondoka, basi alama zote ambazo wapinga utumwa walizitaja zipo, na hakuna jina jingine la jambo hilo.

3. Kuhusu historia tunayoisimulia nusu

Tunapenda kusema kwamba dini iliukomesha utumwa. Ni kweli, lakini dini iliubariki pia, na ukweli wa kwanza hauna faida kwetu kama wa pili umefichwa. Papa Nikolasi wa Tano mwaka 1452 alimruhusu mfalme wa Ureno kuwaweka wasio Wakristo katika utumwa wa daima. Shirika la umisheni la Kanisa la Uingereza lilimiliki mashamba ya miwa Barbados, na watumwa wa mashamba hayo walichomwa kwa chuma kifuani kwa neno la Kiingereza lenye maana ya Shirika. Kanisa hilo liliomba radhi mwaka 2006. Pwani yetu, Waislamu walioswali mara tano kwa siku walinunua na kuuza watu soko la Mkunazini, Zanzibar. Na huku kwetu mlimani, Mangi (chifu) Rindi wa Moshi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, na wamangi wengine wa enzi zake waliuza mateka wa vita kwa misafara iliyotoka Pangani. Wachagga wenzangu hatupendi kulitaja hili. Kwenye simulizi za nyumbani misafara huja kutuchukua, na hakuna anayesema nani alifungua geti.

Siyataji haya ili Mkristo amnyooshee kidole Mwislamu, wala Mwislamu Mkristo. Nayataja kwa sababu kila anayesema kuwa utumwa ulikuwa dhambi ya wengine anakuwa amejipa ruhusa ya kutotazama jikoni kwake.

Na historia ile ya pili, ya waliosema hapana, ni tajiri mno kuachwa kwa wageni wanaotembelea kanisa kuu la Mkunazini, lililoanza kujengwa mwaka 1873 juu ya soko lenyewe baada ya Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa kulifunga. Papa Gregori wa Kumi na Sita alikataza biashara ya watumwa mwaka 1839. Papa Leo wa Kumi na Tatu aliwaandikia maaskofu wa Brazili tarehe 5 Mei 1888 akiulaani utumwa, na siku nane baadaye nchi hiyo ikaukomesha kisheria. Ahmad Bey, mtawala wa Tunis, aliukomesha mwaka 1846, miaka miwili kabla ya Ufaransa kuukomesha katika makoloni yake, na hoja zake zilikuwa za fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu: kwamba wenye watumwa hawakuwa wakitimiza masharti ambayo sheria iliwawekea, na kwamba wengi wa waliotekwa walitoka nchi ambazo Uislamu ulikwishaingia, hivyo uhalali wa kuwamiliki ulikuwa na shaka tangu mwanzo. Ottobah Cugoano, Mwafrika aliyetekwa utotoni katika nchi inayoitwa leo Ghana, aliandika London mwaka 1787 kwamba kila mkazi wa Uingereza anabeba sehemu ya lawama kama hafanyi lolote kuuzuia uovu huo. Huyu alikuwa amenunuliwa na kuuzwa, na alijua anamwambia nani.

4. Kuhusu kusema "ni kama mtoto wetu"

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo mazungumzo yetu yote yanapokwama. Mwenye nyumba alipoulizwa kuhusu mshahara alijibu kwa uchungu, na naamini uchungu wake ulikuwa wa kweli: "Huyu hatumhesabu mfanyakazi, huyu ni kama mtoto wetu."

Tarehe 6 Aprili 1897 ilitolewa amri ya kufuta hadhi ya utumwa Unguja na Pemba. Mtumwa aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mahakamani kuuomba, na fidia alilipwa bwana. Lakini kundi moja liliachwa nje ya amri ile: masuria, yaani watumwa wa kike waliowekwa na mabwana zao kama wake. Hoja ilikuwa kwamba wao ni watu wa nyumbani, wako katika hali ya wake, na serikali isiingie ndani ya nyumba ya mtu. Walisubiri hadi mwaka 1909. Miaka 12 zaidi, kwa sababu tu walihesabiwa kuwa familia. Mpagazi aliyebeba pembe za ndovu, mkulima wa karafuu, mtwana wa bandarini, wote walifika kwenye uhuru kabla ya mwanamke aliyekuwa ndani.

Ninapoambiwa kwamba mambo ya nyumba za watu waachiwe wenye nyumba, ndiyo miaka hiyo 12 ninayoikumbuka. Mtoto wa nyumba anakwenda shule. Mtoto wa nyumba anakula mezani, anaugua akapelekwa hospitali bila kukatwa fedha, na akikimbilia kwa jirani usiku wazazi wake huuliza kwa hofu amepatwa na nini. Mtume Muhammad, katika hadithi iliyopokewa na Abu Dharr, alisema kwamba walio chini ya mikono yenu ni ndugu zenu, na mwenye ndugu yake chini ya mkono wake amlishe anachokula yeye, amvishe anachovaa yeye, wala asimbebeshe kazi inayomshinda. Hapo udugu umepewa vipimo: sahani, nguo, na uzito wa kazi. Neno "kama" halimo.

5. Kuhusu nidhamu ya waumini

Pingamizi la Germantown la 1688 lilipokelewa, likaonekana ni jambo zito, likapelekwa kikao cha juu, kisha likawekwa pembeni. Wakwekeri wa Pennsylvania waliendelea kuwa na watumwa. Ilipofika mwaka 1776 ndipo mkutano wao mkuu wa Philadelphia ulipoamua kwamba anayekataa kumwachia huru mtumwa wake hawezi kuwa mwenzao katika jumuiya. Miaka 88 ilipita kati ya hoja na uamuzi. Katika miaka hiyo mahubiri hayakukosekana. Kilichokosekana ni mtu kuambiwa achague kati ya mtumwa wake na nafasi yake kwenye benchi la ibada.

Mmoja wa waliofupisha safari hiyo ni John Woolman, fundi cherehani wa New Jersey, aliyefariki mwaka 1772. Alitembea jumuiya hadi jumuiya akizungumza na wenye watumwa mmoja mmoja, kwa upole, nyumbani kwao. Alipolala kwenye nyumba yenye watumwa hakukubali kuhudumiwa bure. Aliacha fedha kwa ajili ya wale waliomhudumia. Simjui mhubiri aliyefanya jambo dogo namna hiyo likawa na uzito namna ile. Nanyi, baba zangu na masheikh wangu, mnakaribishwa chakula katika nyumba zetu karibu kila wiki, kwenye kubariki nyumba, maulidi, kipaimara, arobaini. Mnakula mtori na pilau ambavyo mara nyingi vimepikwa na mtoto ambaye hamjaonyeshwa.

Najua majibu yanayoweza kutolewa, na mengine nimeshayasikia.

Litasemwa kwamba Maandiko hayakuukataza utumwa kwa maneno ya moja kwa moja, na kwamba Biblia na Kurani zote zinaweka taratibu za bwana na mtumwa. Sikatai. Walioutetea utumwa walisimama juu ya taratibu hizo kwa karne nyingi. Waliouangusha waliuliza taratibu hizo zinaelekea wapi, na zimesimama juu ya msingi gani. Msingi ni Mwanzo 1:27, kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na Surat Al-Hujurat aya ya 13, kwamba aliye mbora mbele ya Mwenyezi Mungu ni mchamungu zaidi. Mwelekeo ni Surat An-Nur aya ya 33, inayoagiza kumwandikia mtumwa mkataba wa kujikomboa anapoutaka na kumpa sehemu ya mali, na Surat At-Tawba aya ya 60, inayoweka ukombozi wa watumwa miongoni mwa njia nane za kutolea zaka. Na Surat Al-Balad, ambayo sisi tunaokaa chini ya Kilimanjaro tunapaswa kuielewa kuliko watu wote, inauliza ni ipi ile njia ngumu ya kupanda mlima, na jibu la kwanza inalolitoa ni kumwacha huru mtumwa.

Litasemwa kwamba kwao ni maskini, na hapa angalau anakula. Hilo lilisemwa pia kuhusu kila meli iliyoondoka Afrika. Umaskini wa mama yake unaeleza kwa nini alikubali mwanawe aondoke. Hauwezi kueleza kwa nini mshahara haukutumwa.

Litasemwa kwamba hiyo ni kazi ya serikali. Serikali imeandika sheria zake: Katiba, ibara ya 25, inakataza kazi ya shuruti; sheria ya 2004 ya ajira inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14; sheria ya 2008 inakataza usafirishaji haramu wa binadamu; na Sheria ya Mtoto ni ya 2009. Utumwa wenyewe Waingereza waliufuta kisheria Tanganyika mwaka 1922. Lakini ofisa wa serikali haingii jikoni kwa mtu bila taarifa. Ninyi mnaingia, na mnapewa kiti cha mbele.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo, na naomba yajibiwe kwa maandishi.

(a) Kila usharika, parokia na msikiti utangaze wazi kwamba mtoto au mfanyakazi wa ndani aliyekimbilia kwa muumini au kwa kiongozi wa dini hatarudishwa kwa mwajiri. Apelekwe ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi siku hiyohiyo, akisindikizwa na mtu mzima anayemwamini. Usuluhishi wa faragha katika mambo haya ukome.

(b) Asiteuliwe wala kubaki katika uzee wa kanisa, ukatekista, kamati ya msikiti au uongozi wa kwaya mtu anayemtumikisha mtoto au asiyemlipa mfanyakazi wake wa ndani. Nafahamu kwamba ombi hili ni gumu kuliko yote, na ndiyo sababu nimeeleza kwa urefu habari za mwaka 1776.

(c) Masomo ya kipaimara na madrasa yafundishe historia hii nzima, pamoja na sehemu ya wamangi wetu na ya makanisa yetu, na aya zake zote, zile zilizotumiwa kufunga na zile zilizotumiwa kufungua.

(d) Mnapokaribishwa chakula, muombe kumwona aliyepika, mumsalimu kwa jina, na mumwulize mbele ya wenyeji kama anasoma na kama analipwa.

Naomba haya yaanze kabla ya Desemba. Mwezi huo magari yatapanda mlimani kutoka Dar es Salaam na Arusha, vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, vitajaa watu, makanisa hayatatosha, na ndani ya magari hayo watakuwamo mabinti waliokaa nyuma na mizigo. Mwezi huo pia watoto waliomaliza darasa la saba na kukosa wa kuwasomesha huanza kuchukuliwa vijijini. Hakuna wakati mwingine katika mwaka ambapo waajiri wengi hivyo wanakaa kimya mbele yenu wakiwasikiliza.

Kuhusu binti yule, alifanya kazi miezi 26. Kwa shilingi 40,000 kwa mwezi, anadai shilingi 1,040,000, na hapo sijahesabu kovu. Paulo alisema deni la Onesimo liandikwe juu yake. Hili nimeliandika, na hadi leo halina jina la mlipaji. Namba ya simu ya mama yake ninayo, nami nitampa yeyote kati yenu atakayeiomba.

Wenu katika kumtumikia Mungu mmoja,

Mwalimu mstaafu wa historia,
Majengo, Moshi.